Komamanga la Demeta

Jumatatu, 3 Juni
Ijumaa mkwe anakuja kumchukua binti yangu na kichanga. Binti alikuja kujifungulia kwetu, nyumba ikapata sauti. Sasa irudie ukimya? Thubutu!

Dukani hakuja mnunuzi wa mbegu hata mmoja. Nikafungua kitabu cha kale. Nimemgundua Demeta, mungu wa kike wa mavuno wa Wayunani. Bintiye alipochukuliwa na mume, mama alisusa. Ardhi ikagoma kuotesha. Mama mwenye msimamo! Kutokana naye kuna jina Demetria. Mjukuu ataitwa hilo. Mwenye mtoto wa jina hilo atamwachaje mzazi wake akisusa?

Jumanne, 4 Juni
Nimetoa hoja mezani. Mke wangu akauliza kama hilo ni jina la mtu au dawa ya minyoo. Binti akacheka mpaka kichanga kikaamka. Atalifikiria.

Jumatano, 5 Juni
Nimesoma ukurasa wa pili. Kumbe yule binti wa Demeta alikula punje za komamanga huko kuzimu kwa mumewe, ndiyo maana ikamlazimu kurudi huko. Mkwe wangu anakaa ghorofa ya tatu, lakini ni yale yale. Ukila mahali, pamekushika. Basi ale kwangu! Nimenunua komamanga. Jekundu hilo!

Alhamisi, 6 Juni
Binti kakataa. Eti lina uchachu. Nimezitia punje bakulini, nijaribu tena asubuhi.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Mkwe kafika mapema, mke wangu kamwambia ajisikie nyumbani. Kakomba bakuli lote! Kajipangusa mdomo, kasema, "Baba, hapa kwenu mtu hatamani kuondoka."

Wakati wa kupakia mizigo, binti akanipa kichanga nikipakate. Akasema wameshakubaliana: Demetria. Kichwa kikanivimba. Akaongeza kwamba kitabu changu yeye amekimaliza. Mimi huishia katikati. Yule binti wa Demeta hurudi kwa mamaye kila mwaka, na ndipo mbegu huota. "Tutakuja msimu wa kupanda, Baba. Usisuse."

Nikasema vumbi limeniingia machoni. Mke wangu akauliza, vumbi la sebuleni?

Jumamosi, 8 Juni
Kimya. Mke wangu kaokota soksi moja ya kichanga, kaiweka juu ya mto wangu.

Nimetafakari kwa utulivu. Mpango haukuwa na kasoro. Bakuli halikuwa na mfuniko. Leo nimenunua makomamanga manne na bakuli la kufunika. Mke wangu anauliza yatakaaje mpaka msimu wa kupanda.

Hilo nitalipangia kesho.