Ruta Kwenye Kabati la Vikombe

Jumatatu, 7 Oktoba

Sasa hivi Sultani amemlisha baba yake uji. Kijiko kizima, puani. Baba yake yuko Dodoma. Picha ilikuwa imeganda kwenye simu, mdomo wazi, na mwanangu ana huruma, akaona mtu mwenye njaa. Nimefuta kioo kwa kanga. Uji umeingia hadi kwenye tundu la chaja.

Ndiyo hali yetu. Baba Sultani aliondoka kwenda kufunga nondo huko Dodoma mtoto akiwa bado hajajua kukaa. Akatununulia ruta ya intaneti ili awe anamwona. Badala yake anatuona vipande vipande, na sisi tunamwona akipiga mwayo usiokwisha. Leo amepiga simu ya kawaida. Amesema picha isipotulia hadi Jumapili, ruta itakwenda kwa mdogo wake Dastani, Newala, ambaye ataangalia nayo mpira. Nikamwambia mtoto anasimama kwa kushika kiti, siku yoyote anaachia. Kisha akasema, "Asitembee mpaka nione."

Nitamzuiaje? Nimemkalisha. Amesimama tena.

Basi, nitaitengeneza mwenyewe. Nimemaliza darasa la saba, na sayansi nilikuwa napata. Wala hakuna wa kusema siitunzi. Ruta yetu inakaa kwenye kabati la vioo, katikati ya birika na vikombe vya harusi, na ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga. Tena nimeifumia nguo ya buluu yenye vibata vya uzi pembeni, inaifunika hadi miguuni. Vumbi la Masasi haliijui. Ukiigusa ina joto kama mtoto aliyetoka kulala.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimempata mwizi! Mama Stefano, jirani yetu. Kila jioni anakaa nyuma ya ukuta wetu akibangua korosho, simu iko mapajani, anacheka peke yake. Mtu hacheki bure. Anacheka kwa intaneti yangu.

Nimekwenda stendi kwa Godfrey, fundi simu, anibadilishie neno la siri. Akauliza nataka lipi. Nikasema lile ambalo Mama Stefano hawezi kulifikiria maisha yake yote. Tumeweka mamastefanomwizi. Godfrey aliandika kwenye programu ya ruta iliyo kwenye simu yangu, bila kuniangalia usoni. Akauliza pia kama ruta iko mahali pa wazi. Nikamjibu iko sebuleni, hata wageni wanafika.

Jioni picha imeganda vilevile. Ila sasa inaganda kwa siri.

Jumatano, 9 Oktoba

Aibu. Nimepiga huduma kwa wateja nikiwa uani, Sultani mkono mmoja, kwa hiyo nikaweka sauti ya nje. Dada mpole akauliza taa za ruta zinawaka? Nikasema zinawaka, moja nyekundu nzuri. Akauliza imepata moto? Nikasema sana, inajituma. Akataka kujua kama simu yangu imeshika ruta yangu kweli, nimsomee jina na neno la siri. Hakusikia. Nikapaza sauti. Hakusikia tena. Nikapaza zaidi.

Upande wa pili wa ukuta, nyundo ya korosho ikanyamaza.



Dada akasema basi, tujaribu kuiinua ruta juu, huenda kuna kitu kinaizuia. Nikajua moja kwa moja: milima ya mawe ya hapa Masasi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeiinua. Dada wa huduma hakusema itoke kabatini. Nimemwita kijana wa bodaboda, tukanyanyua kabati lote na vyombo vyake, tukaliweka juu ya matofali. Kikombe kimoja cha harusi kimeanguka. Cha Baba Sultani kimepona, changu ndicho kilichokufa. Si kitu. Sasa ruta inaona ng'ambo ya milima.

Mama yangu amefika mchana kutoka Kitangari na kikapu cha mihogo. Akasimama mlangoni akiangalia kabati lilivyopanda. Akauliza kama Masasi kulikuwa na mafuriko, maana wao Kitangari maji wanayafuata kwa ndoo mpaka bondeni, na mtoto wa kumzaa angeweza kuwaarifu.

Jioni Baba Sultani akapiga kumsalimia mkwe wake. Akasema shikamoo mama, akaganda. Mama akaitikia marahaba. Kimya, mdomo wazi. Akaitikia tena. Akaitikia mara ya tatu, kisha akaniambia huyu mume wako siku hizi anawakodolea wakwe zake macho.

Ijumaa, 11 Oktoba

Muujiza! Nilifua nguo ya ruta, maana jana nilipofungua kabati Sultani aliipaka maji ya mabibo. Nikaacha kabati wazi niokote vigae vya kikombe. Ruta imekaa uchi kutwa nzima, maskini, nimeionea huruma. Na intaneti ikamwagika! Baba Sultani ameonekana hadi kovu la kidevuni. Shikamoo na marahaba zimekutana. Mama amefurahi, amesema kumbe mkwe wake mdomo unafunga.

Sababu naijua. Asubuhi Mama Stefano alipanda gari kwenda shambani kwake Mnyambe kuokota korosho. Yeye hayupo, intaneti ipo. Jioni akarudi. Jioni hiyohiyo nikaipiga pasi ile nguo, nikaivisha ruta, nikafunga kabati. Hatujamaliza kula, picha imeganda. Ushahidi gani tena mtu anataka?

Sultani leo ameachia kiti. Nikamdaka kabla hajanyanyua mguu. Amelia. Na mimi nimelia kidogo. Mama akasema amelea watoto wengi, wake na wa wenzake, hajaona mama anayemzuia mtoto kutembea. Nikamwambia baba yake hajaona. Baadaye nikamkuta amempakata Sultani, amemshika miguu yote miwili.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mpango: kesho Mama Stefano asiwepo. Nimemfuata uani kwake, nikamwambia nimesikia ngedere wameingia shambani Mnyambe. Akauliza nimesikia kwa nani, kwa ngedere wenyewe? Akasema na jina lake jipya pia alilisikia, tangu Jumatano, na kama alivyolisikia yeye ndivyo ulivyolisikia mtaa.

Kisha akaweka nyundo chini, akatoa simu. Ya vibonyezo. Ya tochi. Imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Huwa anasikiliza redio, vichekesho vya jioni.

"Mama Sultani, hiyo intaneti nikishaiiba naiweka wapi? Kwenye ungo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mdomo wenyewe ukamkaribisha chai kesho, bila kuniuliza.

Nimerudi nyumbani nikafikiri vizuri. Mwizi mjanja hawezi kukuonyesha simu yake ya kweli.

Jumapili, 13 Oktoba



Mama Stefano amekuja na kitenge cha kanisani. Mgeni wa namna hiyo huwezi kumpa kikombe cha plastiki. Nikapanda kwenye stuli, nikafungua kabati. Nilipovuta birika, likanasa kwenye nguo ya ruta, nguo ikaanguka. Sultani akaichukua, akaivaa kichwani, vibata vinaning'inia masikioni. Nikamwacha. Kabati nalo nikaliacha wazi, mgeni hapewi mgongo.

Tulikunywa chai. Mama akauliza korosho za Mnyambe mwaka huu zikoje, Mama Stefano akasema si haba. Tukanywa tena.

Ndipo simu ikalia. Nikaenda kusimama mlangoni, pale ninapoona pana bahati. Picha ikaja. Safi. Baba Sultani na shati la Jumapili, amenyoa, anacheka, anapepesa macho, vyote. Sultani alikuwa ameshika goti la Mama Stefano. Akamwona baba yake anafunga mdomo. Akashangaa. Nadhani alifikiri baba ameshiba.

Kisha Baba Sultani akamwita, mdomo ukafunguka.

Sultani akachukua kijiko cha sukari mezani. Akaachia goti. Nikataka kumdaka, Mama Stefano akanizuia kwa jicho. Mtoto akaja. Mguu mmoja, akayumba, mguu wa pili, kijiko mbele, sukari inamwagika, nguo ya ruta imemziba jicho. Mama yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Sultani alipofika akanyanyua kijiko mpaka kwenye kioo.

Na baba yake, kule Dodoma, akafungua mdomo na kungoja.

Nikafikiri ameganda. Kumbe hapana, machozi yalikuwa yanatembea. Mwisho akasema Dastani atafute ruta yake.

Na mimi nimeshagundua siri. Mama Stefano akiwa ndani kwangu, hawezi kuiba nyuma ya ukuta. Kuanzia sasa kila simu ni chai.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Baba Sultani hana kazi, kasema atapiga tena amwone mtoto akitembea. Mama Stefano nimemwita mapema, yuko sebuleni na Mama, wanacheka kama ndugu. Neno la siri nimelibadilisha, sasa ni mamastefanomwema. Na yeye amekuja na zawadi: nguo nzito ya sufi, ya pande mbili, aliyokuwa ameifumia redio yake ya zamani. Inaienea ruta kama imepimwa. Nimeivisha juu ya ile ya buluu. Imestahili, jana imetutoa machozi. Imependeza mpaka taa hazionekani. Nimefunga kabati, ufunguo uko pindoni. Leo hakuna cha

Nilikatishwa. Mama ameniita, anasema mkwe wake ameganda tena mdomo wazi na Sultani anatafuta kijiko. Haiwezekani! Mama Stefano yuko humuhumu ndani, kikombe mkononi, namwona kwa macho yangu. Labda ni yule Mama Magdalena wa nyumba ya pili, na yeye siku hizi nimemwona anacheka peke yake, tena dirisha lake linatazamana na kabati langu.