Simu Zisizo na Tundu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mzigo umefika kwa treni. Magunia ya eafoni za waya, mpya kabisa, zikiwa bado kwenye nailoni. Muuzaji wa Kariakoo alinipa kwa bei ya karibu na bure. Alikuwa anacheka alipofunga magunia. Nikadhani ni mtu mchangamfu.

Nimezileta kwa bajaji hadi sokoni Mwanga, hapa Kigoma, gunia moja nimelipakata kama mtoto. Nikazitundika mlango mzima wa fremu ya duka. Nyekundu, nyeusi, bluu. Pazia la arusi! Fremu yenyewe ni ya baba mkwe, Mzee Yona, lakini biashara ni akili yangu.

Samson akaja kuchungulia, mikono nyuma. Anauza vifaa vya simu kwenye kibanda jirani. Akauliza kama siku hizi nauza kamba za kuanikia nguo. Huyu ndiye kijana niliyemfundisha mimi kubadilisha kioo cha simu. Mwalimu hana shukrani ya kutegemea duniani.

Mteja wa kwanza alichagua nyekundu. Akatoa simu yake mpya tujaribu. Nikatafuta tundu juu. Hakuna. Chini, tundu la chaji tu. Ubavuni, vitufe. Nikaigeuza mpaka mwenyewe akanionea huruma, akanieleza kuwa simu za sasa hazina tundu la eafoni. Mteja wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa na simu yenye tundu, ila alikuja kuuliza choo kiko wapi.

Jumanne, 5 Novemba

Sikulala vizuri. Nawaza: huko wanakotengeneza simu kuna watu walikaa mezani, wakanywa chai, wakaamua kuziba tundu. Kwa nini? Lilikuwa linakula nini? Lilimtukana nani? Dogo, la duara, limekaa kimya kwenye kona yake miaka yote. Wamelifuta kisha wanatuuzia vidude viwili vya kuchomeka masikioni, visivyo na waya. Kimoja kikidondoka mtaroni, umebaki na sikio moja na majuto mawili.

Samson anauza vidude hivyo. Anauza pia vile vipande vya kuunganisha eafoni ya waya kwenye tundu la chaji. Nilijishusha nikamwomba aniuzie jumla. Akasema vimeisha. Nilikuwa naviona nyuma ya bega lake!

Sawa. Kama tundu limezibwa, kuna keekee duniani.

Alhamisi, 7 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una dawa ya moto.

Bi Zuhra wa Ujiji, anayeuza mawese mkabala na fremu yangu, aliletewa simu mpya na mwanawe. Anapenda taarabu akiwa kazini, ila simu haina tundu. Nilimwambia nina ufumbuzi. Nikaazima keekee ya fundi seremala. Nikapima kwa jicho. Nikatoboa kwenye kona, pale ambapo muumba wa simu mwenye utu angeweka tundu.

Kwanza ikatoka harufu. Halafu moshi. Halafu simu ikaanza kuvimba kama andazi. Niliitupia kwenye ndoo ya maji nikiwa nimeungua vidole. Soko zima lilisimama. Samson alileta kiti, akakaa.

Bi Zuhra hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, akanitazama. Nikampa simu yangu. Ni ya zamani, na ina tundu. Nikamwongezea na eafoni nyekundu ili anyamaze, ingawa alikuwa amenyamaza.

Sasa anakaa mbele yangu anatikisa kichwa kwa muziki. Mtu pekee Mwanga nzima anayetumia mali yangu, na hakununua.

Jumamosi, 9 Novemba

Radi imeua ng'ombe Mwandiga. Pole kwa mwenye ng'ombe. Lakini mimi nimepata wazo.

Nilikwenda kijiwe cha bodaboda. Nikasema, kama mtu anayewaza kwa sauti tu, kwamba watu wangejua jinsi radi inavyofuata eafoni zisizo na waya, wasingezigusa. Kitu kikikaa sikioni bila waya, umeme wa mawingu unakitafuta. Chenye waya ni salama, maana waya unaushusha umeme chini. Dereva mmoja akauliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba wenye makampuni wanajua, ila wanaficha.

Hadi alasiri habari ilikuwa imerudi kwangu ikiwa imenenepa. Ng'ombe wa Mwandiga alikuwa amegeuka mtu, na huyo mtu alikuwa na vidude masikio yote mawili.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeuza! Nimeuza tangu nafungua mpaka nafunga! Watu wenye simu za zamani wamefukua makabati. Wasio na tundu wananunua hivyo hivyo. Mmoja kavaa eafoni, ncha ya waya kaichomeka mfukoni, anasema inatosha kwa radi. Sikumbishia. Mteja ni mfalme.

Samson amekaa na viboksi vyake kama mtu aliyealikwa msibani akakuta arusi. Nilimsalimia kwa Kiha, mwakeye, kwa upole kabisa. Hakuitika.

Jumanne, 12 Novemba

Jambo dogo limetokea.

Mzee Yona alifanya kazi bandarini maisha yake yote, na kelele za vyuma zilimla masikio. Mwaka huu binti yake mdogo Wema, ambaye ni muuguzi, alimnunulia mashine ya kusikia. Ndogo, inakaa nyuma ya sikio. Haina waya.

Tangu apewe, kila jioni hupita kwenye fremu kunisimulia alichosikia. Kuku. Injini za maboti Kibirizi. Siku moja alikuja mbio kuniambia ameisikia mvua kwenye mabati ya jirani kabla haijafika kwake. Alikuwa na machozi. Mimi nilikuwa na mteja.

Leo kaja bila mashine. Ameifunga kwenye kitambaa na kuificha chini ya sanduku la nguo. Amesema radi haichagui mzee wala kijana.

Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini kwa Mzee asiyesikia, ukweli husemwa kwa kupiga kelele, na Samson alikuwa hatua chache kutoka pale. Nikamkaribisha kahawa.

Alhamisi, 14 Novemba

Mke wangu Winfrida alikuwa anashona, akaniambia habari bila kuinua uso kwenye cherehani. Wema amechumbiwa. Wazee wa upande wa pili wanakuja Jumamosi kuzungumza mahari. Nikauliza mwanamume ni nani.

Samson!

Atakuwa mwanyumba wangu. Tutaoa nyumba moja. Tutakaa meza moja kila Krismasi, yeye na vidude vyake.

Winfrida ana wasiwasi kuwa baba hatasikia mazungumzo. Amembembeleza avae mashine, amekataa, anaonyesha mawingu. Hapo nikajitolea. Nikasema nitakaa pembeni ya Mzee, niwe sikio lake. Winfrida akanishika bega. Alisema kumbe nina moyo.

Ninao. Jumamosi Mzee atasikia ninachotaka mimi asikie. Samson ataondoka na viatu vyake tu.

Jumamosi, 16 Novemba

Sina sauti. Naandika huku nanyonya limau.

Walikuja wamependeza. Mshenga wao ni Mzee Feliksi, mtu wa maneno laini. Mzee Yona alikaa katikati na kofia yake nzuri, anatabasamu kwa kila mtu. Mimi ubavuni.

Mzee Feliksi akaanza: "Kijana wetu ni mchapakazi."

Nikainama. "Wanasema kijana ni mvivu," nikanong'ona.

"Nini?" akauliza Mzee Yona.

"Mvivu."

"Sikusikii, mwanangu! Sema kwa nguvu!"

Sebule nzima ikanyamaza kunisubiri. Winfrida akanitazama. Na hapo ndipo nilipogundua kasoro ya mpango wangu: huwezi kumdanganya kiziwi kwa siri.

"KIJANA NI MCHAPAKAZI!" nikapaaza sauti.

Huko nje majirani wakapiga vigelegele.

"Hanywi pombe," akaendelea Mzee Feliksi.

"HANYWI POMBE!"

"Ana heshima kwa wakubwa."

"ANA HESHIMA KWA WAKUBWA!" Jasho lilikuwa linanitoka. Samson aliinamisha kichwa kwa adabu, mabega yanamtetemeka.

Nilimsifu mtu yule mpaka mtaa wa pili wakasikia. Mama mmoja alisimama dirishani akasema laiti binti yake naye angepata kijana kama huyo.

Mwishowe Mzee Feliksi akakohoa. Akasema wana ombi moja la nyongeza. Kwa kuwa vijana wanaanza maisha, na Mzee ana fremu pale sokoni, basi Samson apewe nusu yake, mabinti wote wawili wale kwenye jasho la baba yao.

Kila mtu akanigeukia mimi. Nikafungua mdomo. Sauti ikanikauka, kwa makusudi. Nikaonyesha koo. Nikaomba maji. Nikasema kwa ishara kuwa jambo hili liahirishwe.

Mzee Yona hakusubiri. Aliangaza sebule nzima, uso hadi uso, akamaliza na wangu. Akatikisa kichwa kukubali. Mara moja, tena mara ya pili.

Vigelegele. Soda. Wali.

Nikarukia kwa sauti iliyobaki, nikasema Mzee hakusikia! Winfrida akauliza, na kwa nini baba hasikii, wakati mashine anayo? Nikasema wali ni mtamu.

Jumatatu, 18 Novemba

Samson kahamia. Amepima fremu kwa kamba, kwa haki kabisa, kaniachia hata upande wenye kivuli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mchana kuna bodaboda alimleta Winfrida sokoni. Njiani akamsifia mumewe, yule mtaalamu wa radi aliyewaokoa watu wa Mwanga na vidude visivyo na waya. Winfrida hakushuka. Alimwambia dereva ageuze, ampeleke kwa baba yake. Alifukua chini ya sanduku, akamvalisha mashine kwa mkono wake.

Jioni Mzee akaja kwenye fremu. Nikamwamkia shikamoo kwa kelele, kwa mazoea. Akaitika marahaba taratibu, akaniambia nisipige kelele, anasikia.

Akaniuliza: "Ulijua kuwa mashine haidhuru?"

Nikasema nilitaka kumweleza, ila asingenisikia.

Ng'ambo Bi Zuhra alitoa eafoni yake ili asikilize vizuri.

"Ijumaa ilinyesha," akasema Mzee. "Nilijua kwa kulowa."

Mimi nikauliza habari ya fremu. Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba alikubali jambo ambalo hakulisikia, na mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kulifuta.

Mzee Yona akainuka. "Ni kweli sikusikia neno. Lakini nilitazama nyuso. Nilipoona kila mtu amefurahi isipokuwa wewe, nikajua ni jambo la kheri."

Akapita upande wa pili wa fremu. Samson akampa kiti. Nikamsikia anamsimulia habari za maboti.

Alhamisi, 21 Novemba

Winfrida amehamia kwa baba yake. Amesema kwa muda, ila kachukua cherehani. Kabla ya kuondoka alisema maneno machache tu: baba alikuwa amerudishiwa dunia, na mimi nikaizima ili niuze nyaya. Nikamkumbusha kuwa niliuza vizuri Jumatatu ile. Akafunga mlango polepole.

Nyaya hazitoki tena. Wema ametoka zahanati, akasimama kijiweni na sare yake, akawaeleza bodaboda habari ya radi kwa kirefu. Vijana wamerudia vidude vyao. Wengine wananiletea eafoni nilizowauzia, wananirushia mlangoni bila hata kudai chochote.

Leo Samson kaniita mwanyumba mbele za watu, kaniletea boksi zima la vile vipande vya kuunganishia. Hakutaka kitu. Akasema nikivitoa pamoja na eafoni zangu, magunia yataisha kabla ya Krismasi. Anajua kuwa alikosea kunificha siku ile.

Nilimrudishia boksi lake. Mimi siokolewi na mwanafunzi wangu.

Jumapili, 24 Novemba

Nimerudi kwenye njia ya ushindi. Hakika tabu ni shule.

Jana alipita mfanyabiashara kutoka Kasulu, mtu makini, mwenye miwani. Ana shehena ya betri za simu. Si hizi za sasa zilizogandishwa ndani ya simu mtu asione hata rangi yake. Zile zenyewe! Za kufungua mfuniko kwa ukucha, ukaichomoa, ukaipangusa, ukairudisha. Nimezunguka Mwanga yote, nikaenda mpaka Kigoma mjini na Ujiji. Hakuna duka hata moja linalouza. Hata Samson hana! Soko zima liko wazi, na hakuna mtu aliyeliona isipokuwa mimi.

Tumebadilishana mali kwa mali. Amechukua magunia yangu yote ya eafoni. Anasema huko kwake wanafungia miche ya nyanya. Mimi nimechukua betri zote. Tulipopeana mikono alicheka sana. Mtu mchangamfu.

Nusu yangu ya fremu haikutosha. Maboksi mengine nimeyaleta nyumbani, nikayapanga kitandani upande wa Winfrida. Yamekaa vizuri. Akirudi atakuta tumetajirika.