Kuogelea kwa Ajili ya Evanthia

Jumatatu, 12 Agosti
Nimefika na meli ya mchana kutoka Athene. Dada yangu Foteini amenipa chumba cha juu, kama kila kiangazi. Jioni nikashuka mgahawani kwa Evanthia, ukingoni mwa maji. Mjane, mpishi, macho ya huzuni. Mwaka huu sirudi Athene bila jibu lake. Tatizo ni Stratis mvuvi. Alimletea pweza aliyemvua mwenyewe. Mimi nilimletea keki. Imeyeyuka safarini.

Jumanne, 13 Agosti
Mpango umeiva. Nimetangaza mgahawani, bila majivuno, kwamba Alhamisi, sikukuu ya Mama Maria, nitaogelea mpaka kisiwa chenye kanisa dogo na kurudi. Stratis akauliza mara ya mwisho niliogelea lini. Nikamjibu kuwa mwili hausahau.  Evanthia alikusanya sahani akaingia jikoni. Nadhani aliguswa.

Jumatano, 14 Agosti
Mazoezi. Maji ya kifuani tu, kwa kuanzia. Foteini alikaa ufukweni akinitazama. "Kaka, umeshapita sitini," akasema. "Unatafuta mke au unatafuta daktari?" Foteini hajawahi kuelewa mapenzi.

Alhamisi, 15 Agosti
Baada ya misa kijiji kizima kilishuka gatini. Nikavua shati. Nilianza vizuri. Katikati ya njia mguu wa kushoto ukakakamaa kama jiwe. Nikameza maji. Nikaliona kanisa, kisha sikuliona tena. Nikamfikiria marehemu mama, kisha sikufikiria kitu.

Mkono ulionishika kwapani ulikuwa wa Stratis. Kumbe alinifuata na mashua tangu mwanzo, kwa mbali, nisimwone. "Tulia, Pandelis," akaniambia. "Usinipige mateke, ndugu yangu." Akaniinua na kunifunika koti lake. Hakunicheka hata kidogo. Hilo ndilo siwezi kumsamehe.

Gatini Evanthia hakuwepo.

Ijumaa, 16 Agosti
Evanthia amekuja na supu ya kuku yenye limau. Akakaa pembeni mwa kitanda. Akaniambia kuwa mumewe, Lefteris, alitoka asubuhi ya bahari shwari kama ya jana, na kwamba walimrudisha kwenye gati lilelile, amefunikwa tanga.

"Jana nilijifungia jikoni nikaziba masikio," akasema. "Sitaki tena mtu wa bahari. Stratis nilishamwambia zamani, na amekubali. Wewe nilikupenda kwa sababu unakaa mezani, unakula taratibu, unanisimulia habari za mjini. Kaa tu, Pandelis. Utaweza?"

Nikamwambia nitaweza. Akanishika mkono, akaushikilia mpaka supu ikapoa. Nililia. Sioni aibu kuliandika.

Ameshaondoka, nami nimeyatafakari maneno yake vizuri. Maskini, anaiogopa bahari. Mwanamume anayempenda hawezi kumwacha na hofu hiyo. Nimeshaazima miwani ya kuzamia kwa mgeni wa nyumba ya jirani. Kesho asubuhi, akiwa anapanga viti nje ya mgahawa, nitaibuka ghafla kutoka chini ya maji, mbele yake kabisa, mzima, nikitabasamu.