Mtori wa Kumfuta Namba Sita

Jumatatu, 26 Novemba 2001
Nimelazwa. Madaktari wageni wameleta nyonga za bandia sita. Wagonjwa tuko saba, sote tumezaliwa na nyonga zisizokaa sawasawa mahali pake. Mimi namba saba! Sista Elinaza kasema mimi ni wa akiba, akikosekana mtu ndipo niingie. Miaka arobaini na mbili nachechemea, leo niwe tairi la akiba. Kitanda cha jirani yuko Mikidadi, fundi cherehani wa Ngaramtoni, namba sita. Mpole mno. Simwamini.

Jumanne, 27 Novemba
Sista katangaza: upasuaji ni kesho, kuanzia saa nne usiku asile mtu, hata wa akiba. Atakayekula anafutwa. Nimepata akili! Nimemwambia mke wangu Pudensiana kwamba daktari anataka mtori kesho asubuhi, wa nyama, mwingi. Mgonjwa gani wa huku anakataa mtori?

Jumatano, 28 Novemba
Hotpoti limefika saa moja. Nimemkaribisha Mikidadi kwa moyo wote. Kanishukuru sana, kasema ni Ramadhani, hawezi. Ramadhani! Naishi Kijenge, ukuta kwa ukuta na msikiti, nikasahau.

Mtori ulikuwa unapoa. Pudensiana kachoka kumenya ndizi. Nimeumaliza mwenyewe.

Saa tatu namba mbili kapatwa na malaria, kafutwa. Sista kaja mbio na gauni la kijani. Ananiita mimi! Kauliza kama nimekula. Nikakana. Kayaangalia masharubu yangu, kaondoka na gauni lake. Nyonga moja imerudi sandukuni. Nimejifunika blanketi nikalia kama mtoto. Nilitaka sana kutembea kama watu.

Ijumaa, 30 Novemba
Mikidadi kasimama na magongo, kapiga hatua nne. Wivu umenikaba. Kumbe nyonga yake ya kushoto nayo ni mbovu, na mwakani wageni wakirudi yeye ndiye namba moja. Kamwomba daktari nafasi hiyo nipewe mimi, yeye atasubiri. Daktari kakubali.

Jumamosi, 1 Desemba
Nimewaza tangu asubuhi. Mtu hatoi namba moja hivi hivi. Lazima anajua jambo. Pengine namba moja ndiye wanayemfanyia majaribio. Mjanja huyu! Lakini nimemwahi. Nimejikokota hadi kwa Sista Elinaza, nikamsihi aniweke mwisho wa orodha. Kachukua kalamu, kaandika.