Ukuta Unaong'aa Kweli Kweli

Jumamosi, 7 Juni

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kumtazama dada yake aliyejifungua. Atarudi Jumapili ya tarehe 15. Nyumba nzima iko mikononi mwangu. Hatimaye!

Ameacha karatasi mlangoni pa friji. Shemeji, yaani kaka yake, atakuja Jumatatu kupaka rangi vyumba vyote. Mimi nimfungulie mlango, nimpe chai, nisiguse kitu. Sanduku langu la vifaa limefungwa na ufunguo anao huyo huyo shemeji. Yote haya kwa sababu ya rafu moja. Rafu moja tu! Niliipigilia mwaka jana na ikadumu siku tatu nzima kabla ya kuangukia vikombe vya marehemu bibi yake. Tangu hapo sijaruhusiwa hata kubadili taa.

Nimeamua. Napaka mwenyewe. Akirudi asimame sebuleni, aseme mume wangu ni fundi, anikabidhi ufunguo mbele ya kaka yake. Sitaki kingine duniani.

Nimempigia shemeji kumwambia asije, ratiba imebadilika. Huyu ni fundi rangi mwenye uzoefu wa miaka ishirini, na mtaa mzima unamwita Kimya. Akajibu, Mh. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Cha huyu nakisubiri tangu nioe.

Jumapili, 8 Juni

Nimeisoma karatasi vizuri. Kila chumba kimeandikiwa rangi yake. Sebuleni na chumbani iwe isiyong'aa, kwa kuwa kuta zina mabonde na mng'ao huanika kila kasoro. Jikoni na bafuni iwe ya kung'aa, kwa sababu inafutika na haiogopi mvuke. Mwandiko wa mke wangu, maneno ya kaka yake. Nayajua.

Mimi nina akili zangu. Mgeni anakaa wapi? Sebuleni. Basi mng'ao uende kwa mgeni. Jikoni nani anatazama kuta? Watu wanatazama sufuria. Kwa hiyo nimeigeuza orodha yote juu chini, nikabaki natabasamu peke yangu. Kuna watu wamezaliwa na vipaji na wanazuiwa na ndugu wa mke.

Jumatatu, 9 Juni

Dukani. Muuza rangi akauliza kama nina hakika naipeleka ya kung'aa sebuleni. Nikamuuliza kwani yeye viatu vyake anavipiga dawa ya nini. Akanipangia makopo. Alipokuwa ananisindikiza akashauri nichukue na msasa, nisugue kuta kwanza. Nikamwambia msasa ni wa watu wasioiamini rangi yao.

Jumanne, 10 Juni

Nimeziba nyufa zote za sebule kwa puti. Nimetumia kijiko cha supu, maana mwiko wa fundi umo ndani ya sanduku lililofungwa. Mikono yangu hii! Kisha jikoni na bafuni, rangi isiyong'aa, nyeupe kama maziwa. Saa kumi nimemaliza. Shemeji angekaa siku tatu anasugua na kuguna.

Jirani mshonaji alichungulia dirishani akaniambia nina rangi sikioni. Wivu huo.

Jumatano, 11 Juni

Sebule! Chumba cha kulala! Vinang'aa hadi natamani kuvipigia saluti. Nilivuta kiti nikakaa katikati ya sebule kama waziri, nikazipokea pongezi zangu mwenyewe.

Saa sita jua likaingia dirishani. Hapo nikaona jambo. Kila nilipoziba ufa pameota kinundu, na kila kinundu kina kivuli chake. Ukuta wa kushoto una surua. Nimefunga mapazia. Nyumba yenye mapazia mazuri haina shida na jua.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikaanga mayai. Tone la mafuta likarukia ukuta wa jikoni. Nikafuta kwa kitambaa, likawa baka. Nikalifuta baka, likawa sinia. Sasa juu ya jiko kuna sinia la kijivu ambalo nimelichora kwa nguvu zangu zote. Nimelifunika kwa kalenda.

Bafuni maji ya moto yameteremsha michirizi ya manjano kutoka juu hadi chini, na ukiegemea ukuta unatoka na unga begani. Kalenda zimeisha.

Chumbani jua la asubuhi linapiga ukuta na kunirudia machoni. Leo nimetafuta soksi nikiwa nimevaa miwani ya jua.

Sijashindwa. Niko kwenye hatua ya marekebisho.

Ijumaa, 13 Juni

Zimebaki siku mbili. Nilikaa sebuleni, mapazia yamefungwa, nikaogopa. Shajara ni yangu, niandike ukweli: niliogopa. Nilimwona akilini mke wangu anaingia, anatazama kuta, hasemi neno, kama alivyovitazama vile vikombe. Siku ile bora angenigombeza. Aliviokota kimoja kimoja, basi.

Mficha uchi hazai. Nikampigia shemeji.

Akaja na ngazi yake. Akazunguka vyumba vinne, akasema Mh mara nne, na ile ya bafuni ilikuwa ndefu. Tukapatana. Atarekebisha kila kitu kama karatasi inavyosema, lakini dada yake ataambiwa kazi ni yangu, mwanzo hadi mwisho. Nikamwomba kama ndugu. Akaguna. Nimehesabu kuwa ni ndiyo.

Nikatoa na sharti langu. Ukuta mmoja wa sebule, ule unaokupokea ukiingia mlangoni, ubaki wa kung'aa. Mtu hawezi kunyang'anywa kila kitu. Shemeji hakubisha. Akaukwangua, akaupiga msasa, akaunyoosha kwa mwiko, kisha akaupaka rangi yangu ile ile. Kinundu hakuna. Kioo! Alipomaliza alijitazama humo, akazilaza ndevu zake kwa kiganja, akatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu. Uzuri wa chaguo langu umemgusa hata yeye.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesimamia kazi kutwa. Kusimamia kunachosha kuliko kupaka. Shemeji anasugua, mimi naonyesha kwa kidole. Jikoni amepaka ya kung'aa, na ilipokauka nikairushia mafuta makusudi. Nikafuta. Yakatoka yote! Nimekumbuka kwamba wazo la kupaka jikoni rangi inayofutika lilikuwa langu, au lilipita karibu sana na langu.

Nimemwalika shemeji kesho aje anywe chai. Nataka awepo ufunguo ukitolewa.

Jumapili, 15 Juni

Amefika saa nane mchana. Hakukaa hata kidogo. Akapita jikoni, akautelezesha mkono ukutani. Bafuni akatazama pembe zote. Chumbani akaketi kitandani, akasema pametulia. Nilitembea nyuma yake kifua mbele.

Akaingia sebuleni, akasimama mbele ya ukuta wangu. Mimi na shemeji tulikuwa nyuma yake. Akauliza taratibu ni nani aliyeifanya kazi hii.

Nikasema ni mimi, kwa mikono hii hii. Mara namwona shemeji anafungua mdomo. Miaka yote hasemi, aje kusema leo! Nikaweka kidole mdomoni. Nikamtolea macho. Nikapitisha mkono shingoni kumwonyesha nitakachomfanya, halafu nikakumbuka kuwa ni shemeji, nikakutanisha viganja kumwomba.

Mke wangu hakugeuka.

"Mume wangu," akasema, "ukuta huu unang'aa kweli kweli. Nimekuona mpaka kidole mdomoni."

Ndipo shemeji alipoongea. Sentensi nzima, ya kwanza kuisikia tangu harusi yetu.

"Dada, si nilikwambia? Mng'ao huanika kila kasoro."

Walicheka hadi mke wangu akakaa sakafuni. Mimi niliona haya, masikio yakawaka moto. Kisha akanivuta nikae karibu yake, akalowesha ncha ya khanga kwa mate, akaniondoa rangi sikioni, ile ile ya Jumanne. Akasema amefurahi nimejua kumwita kaka yake kabla bafu halijaanguka. Hilo lilinigusa.

Ufunguo haukutolewa. Sanduku limeongezwa kufuli ya pili.

Jumatatu, 16 Juni

Tulitazame jambo hili kwa utulivu. Mke wangu amekiri kwa kinywa chake kwamba ukuta wangu unang'aa. Amesema kweli kweli, mara mbili. Tena amekataza usibadilishwe, anasema utamsaidia sana. Katika nyumba hii yenye kuta nyingi, ukuta unaozungumzwa ni mmoja tu, na ni wangu. Huo ni ushindi. Mambo ya jikoni na bafuni ni madogo madogo.

Nimegundua dari ya sebule haijaguswa na mtu. Dari inayong'aa! Mgeni akiinua macho ajione. Kopo moja limebaki, liko nyuma ya mlango wa stoo. Brashi nimeificha chini ya godoro. Msasa sihitaji.

Na ukuta wangu una faida nyingine. Naandika haya nikiwa nimeuelekea, na naona mlango mzima ulio nyuma yangu bila kugeuza shingo. Ni ukuta gani mwingine mtaani humu unaoweza hivyo? Namwona mke wangu amesimama pale mlangoni sasa hivi. Ameshika brashi yangu.

Nitanunua nyingine.