Wiki Mbili za Kuingia Kwenye Gauni la Matroni

Jumapili, 5 Julai 1998

Nimefungua daftari hili leo kwa sababu mambo makubwa yanataka maandishi. Faith anaolewa Jumamosi ya tarehe 18. Na matroni hajapatikana! Yaani mimi, Mama Precious, nipo, wanajua nipo, nilikuwa nimekaa palepale kwenye kikao cha kamati na soda yangu mkononi, na bado wanasema matroni hajapatikana.

Tatizo ni gauni. Shangazi yake Faith ameleta gauni la matroni kutoka Nairobi. La satini, rangi ya waridi, zipu mgongoni. Alilinunua bila kumpima mtu yeyote. Awuor, mama yake Faith, akasema gauni la namna hiyo haliachwi kabatini. Yule litakayemkaa vizuri ndiye atakayesimama na binti yake. Tukaingia chumbani kujaribu. Wagombea wawili: mimi, na Wilhelmina, mke wa karani wa benki, mwanamke mrefu mwembamba anayekula andazi moja kwa siku mbili.

Kwangu zipu ilifika kiunoni ikagoma. Kwa Wilhelmina gauni lilining'inia kama shuka kwenye kamba. Hakuna aliyeshinda. Awuor akaamua tutajaribu tena Ijumaa ya tarehe 17. Anayetaka kukonda akonde, anayetaka kunenepa anenepe, shauri yake.

Niandike ukweli. Nimemsuka Faith tangu ana miaka minne. Awuor alikuwa akisafiri kwenda Kisumu kufuata vitenge, na kila Jumapili jioni mtoto alikaa kati ya magoti yangu akilia kwa maumivu ya chanuo. Mistari, mabutu, twende kilioni, vyote vimepita kwenye vidole hivi. Halafu siku yake kubwa asimame na mtu mwingine? Haiwezekani. Nitapungua.

Jumatatu, 6 Julai

Kazi imeanza. Hapa saluni kwangu, Buzuruga, karibu na stendi, nina viti viwili, draya moja na gazeti la akina mama alilosahau mteja mwaka juzi. Halina jalada, lakini ukurasa wa kupunguza mwili upo mzima. Asubuhi maji ya vuguvugu na limau. Usile wanga baada ya saa kumi na mbili jioni.

Nimekunywa glasi nne. Saa tano tumbo likaanza kuongea mbele ya wateja. Ila nimesoma vizuri: gazeti halikatazi wanga kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu nimekula ugali wa kunifikisha kesho.

Gazeti linasema pia kwamba mwenye uso wa duara ainue nywele juu ili uso uonekane mrefu. Mwenye uso mrefu azishushe pembeni na mbele. Mimi ni duara, sina ubishi. Nimejipandishia nywele bandia, ghorofa mbili. Mume wangu Otuoma aliporudi alisimama mlangoni akauliza kama tumepata mgeni. Nimeichukulia kuwa sifa.

Jumanne, 7 Julai, Sabasaba

Nimekwenda kupimwa uzito. Zahanati kuna mzani, lakini muuguzi yuko kwenye kamati ya harusi na mdomo wake haufungi. Nimekwenda mwaloni, soko la samaki la ziwani, kwa Suzana, anayeuza dagaa kwa magunia. Ana mzani wa chini, ule wa kulaza gunia. Nikapanda. Kilo tisini na nne! Suzana akatangaza kwa sauti ileile anayotangazia dagaa. Wapakuaji wakauliza gunia hilo linakwenda wapi. Nimezikariri sura zao.

Nimerudi kwa miguu, njia nzima ya kupanda, na koti la mvua la nailoni juu ya sweta ili nitoke jasho. Julai! Jua la kukausha dagaa! Watu wanne wamenisimamisha kuniuliza kama redio imetangaza mvua.

Nyumbani nikakuta jirani kapika pilau ya Sabasaba. Sikukuu ya taifa, kukataa ni kukosa uzalendo. Sahani mbili.

Alhamisi, 9 Julai

Wilhelmina amekuja saluni mwenyewe! Anataka ushauri wa mtindo wa harusi. Akasema yeye hajui mambo haya, ananiamini mimi.

Nikautazama ule uso wake mrefu. Gazeti lilikuwa palepale kwenye meza, limefunguka kwenye ukurasa wenyewe. Nikalifunika na taulo. Nikamwambia, Mama Yeremia, wewe nywele zako ziende juu. Juu kabisa! Nia yangu, Mungu anisamehe, aonekane kama nguzo ya simu.

Saa mbili nikahangaika naye. Nilipomgeuza kwenye kioo, saluni nzima ikageuka kutazama. Shingo ndefu, paji la uso wazi, macho makubwa ambayo sikuwahi kujua anayo. Amependeza! Wanawake watatu waliokuwa kwenye foleni wakaniambia wanataka kama ule. Wilhelmina akanikumbatia akasema nina mkono wa baraka. Sikumtoza hela, roho ilinisuta.

Gazeti la hovyo.

Jumamosi, 11 Julai

Furaha! Andika kwa herufi kubwa: FURAHA!

Nimerudi mwaloni. Suzana hayupo, amekwenda Ukerewe kufuata dagaa. Nilikuwa nageuka kuondoka, Ngosha akaniita. Ngosha, kijana mkubwa wa Kisukuma asiye na haraka, anapima sangara kwa niaba ya mnunuzi mmoja wa samaki. Akasema mzani ni mzani, karibu mama. Wake ni wa kuning'inia, wa ndoano. Akanifungia gunia chini ya ndoano, nikakaa kama mtu wa bembea, viatu nimevua, hereni nimevua, na ile ghorofa ya kichwani nimemkabidhi mtu. Miguu ikaachana na ardhi.

Kilo themanini na sita!

Kilo nane kwa siku nne! Nikamwomba asome tena, akasoma tena, themanini na sita. Mwalo mzima ukapiga makofi. Ngosha akasema, "Mama, nyama zako zinakimbia bhana." Nimempa soda.

Wateja wote wameelezwa. Jioni nimesikia stendi hakuna limau hata moja, zimenunuliwa zote.

Jumatatu, 13 Julai

Nimepiga hesabu. Kama kilo nane zimeondoka kwa siku nne, kufikia Ijumaa zitaondoka nyingine kumi au zaidi. Gauni litaning'inia! Nitaaibika kama Wilhelmina alivyoaibika. Mwenye akili hangojei aibu ifike mlangoni.

Nikaenda kwa Awuor nikamwambia naomba gauni nikalipige pasi. Akanishukuru. Nikanyoosha moja kwa moja mpaka kwa fundi Shimba, nikamwambia apunguze kila upande, inchi mbili.

Shimba akanizungushia futi kiunoni. Akaitazama. Akanizungushia tena. Akasema kwa adabu kwamba mama, kwa futi hii gauni linataka kuongezwa, na bahati nzuri mshonaji ameacha kitambaa cha kutosha ndani ya mishono, yeye anaweza kulitanua kwa nusu saa tu. Nikamwambia futi yake imeliwa na jua. Mzani umeshasema. Na simpi kazi ya mwili niliokuja nao leo, nampa kazi ya mwili wa Ijumaa. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwambia yeye ni fundi, si daktari.

Akakata. Kitambaa kilichobaki nikamwambia anitengenezee ua la begani.

Jumatano, 15 Julai

Jana nilijipongeza kwa sato wa kukaanga. Mzima, na ugali wake. Mtu aliyepungua kilo nane ana haki zake.

Leo Suzana karudi kutoka Ukerewe. Nikaenda kumringia. Nikapanda mzani wake. Tisini na tano!

Nikamwambia mzani wake mbovu, kwa Ngosha nilikuwa themanini na sita. Suzana akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakalia dagaa za watu. Aliposhika pumzi akasema, "Mama Precious jamani! Mzani wa muuzaji unaongeza, mzani wa mnunuzi unapunguza. Nani wa ziwani asiyejua hilo?"

Mimi! Mimi binti wa Oyoo, mvuvi wa Shirati, ambaye kila jioni kwenye chakula aliwalaani wanunuzi na mizani yao, samaki wa kilo kumi anaandikwa saba! Nimelelewa na wimbo huo. Lakini baba alikuwa analia anapoibiwa kilo. Sikufikiri mtu anaweza kuibiwa kilo akanunua soda.

Nimekimbia kwa Shimba, nimekimbia kweli, watu wamesimama kutazama. Kitambaa kimeshakatwa. Ua limeshatengenezwa, zuri sana, majani matano. Shimba akanionyesha futi yake. 

Ijumaa, 17 Julai

Siku mbili maji matupu. Leo nikajifunga kanga tumboni mpaka macho yakatoka. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi kwa kanga ile nisingeweza kuinama hata kuokota sindano.

Chumbani kwa Awuor, kamati nzima ya akina mama. Mimi kwanza. Mara ya mwisho zipu ilifika kiunoni. Leo haikufika hata huko. Mama mmoja akavuta, wa pili akasukuma, wa tatu akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Awuor akasema tuache kabla halijachanika.

Wilhelmina akavaa. Zipu ikapanda yenyewe mpaka juu, taratibu, kama inajua nyumbani. Gauni likamshika kiunoni, likaachia chini, ua begani, nywele juu. Vigelegele! Awuor akasema wiki mbili nyuma lilikuwa shuka, leo limekuwaje? Nani kafanya maajabu haya?

 Wilhelmina akanitazama. Nikaona machozi yanamlengalenga. Akanishika mkono mbele ya wote akasema, "Ni Mama Precious. Amenitengeneza nywele bila kuchukua senti, halafu amechukua gauni kwa kisingizio cha pasi, akalipeleka kwa fundi kimyakimya likapunguzwa kwa mwili wangu, na leo amejitia kulijaribu ili nisijisikie vibaya." Upendo wa hivi, akasema, haupo tena duniani.

Wote wakanipigia makofi. Mama mmoja akalia.

Nifanye nini? Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nilipofika nyumbani nikaingia jikoni nikafunga mlango. Nimelia. Si kwa ajili ya gauni. Nililia kwa sababu kesho Faith atageuka kushoto kwake na hatanikuta. Otuoma akagonga akaniuliza kama nimekata vitunguu. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 18 Julai

Alfajiri nimekwenda kumtengeneza bibi harusi nywele. Kulikuwa na kiti kizuri mbele ya kioo. Faith akakataa kiti. Akavuta kigoda, akakaa kati ya magoti yangu, na ukubwa wote huo, ndani ya gagulo la harusi.

Vidole vikajua kazi yao. Mdomo ukanisaliti. Nikamwambia yote: limau, koti la mvua, Ngosha na gunia lake, inchi mbili, ua. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Alicheka mpaka pini tatu zikaanguka.

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Kwamba tangu kikao cha kwanza alimwambia mama yake anamtaka Mama Precious, hata kwa kitenge, hata kwa kanga. Awuor ndiye aliyeng'ang'ania gauni kwa kuogopa maneno ya shangazi. Nikauliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema alijua ningekuja kumsuka kwa vyovyote, na kwake hapa kwenye kigoda ndipo harusi ilipoanzia.

Akasema tena: Mungu akimjalia mtoto, mama wa ubatizo ni mimi. Hakuna gauni, hakuna kamati, hakuna kupimwa. Niende nilivyo.

Tukalia wote wawili. Poda ikaharibika, ikapakwa upya. Kanisani tumechelewa nusu saa.

Nilikaa benchi la pili na kitenge changu. Wilhelmina alisimama vizuri, lazima nikubali. Walipopita kutoka, Faith aliachia mkono wa bwana harusi kidogo tu akagusa mkono wangu. Nimeshiba kwa hilo, pamoja na wali, kuku, ndizi na keki.

Jumapili, 19 Julai

Nimefikiri usiku kucha. Nimejifunza mengi.

Mama wa ubatizo husimama mbele kabisa. Peke yake! Hana bibi harusi wa kumkinga, ana mtoto mdogo tu mikononi, na mpiga picha hupiga kutoka ubavuni. Ubavu ndio upande wangu mbaya. Faith amesema niende nilivyo, lakini Faith ni mtoto, na ana huruma. Halafu leo baada ya misa nimemwona Wilhelmina ananunua uzi wa kufuma, rangi ya maziwa, laini. Wa nini? Hana mtoto mchanga yule. Nikamwuliza, akacheka tu. Loo! Anautaka ubatizo!

Kosa langu lilikuwa moja tu, muda. Wiki mbili ni chache kwa mtu yeyote. Safari hii nina miezi tisa kamili, kama maharusi hawatachelewa. Gazeti lina ukurasa mwingine: kabichi tupu, siku saba. Nimenunua kabichi sita. Naanza kesho, maana leo Awuor ameleta sinia la mabaki ya harusi na chakula cha sherehe hakitupwi.

Na mapema huzaa heri. Nimepitia kwa Shimba nikamwachia kitambaa, satini, ya bluu. Alitoa futi ili anipime. Nimemzuia. Nimemwandikia kwenye karatasi vipimo nitakavyokuwa navyo mwezi wa nne.