Idara ya Kukutana kwa Bahati

Wananchi wa Kok-Bulak mnatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba bahati sasa imepewa ofisi. Ipo darajani, ina jiko la makaa, na msimamizi wake ni Mheshimiwa Kalmurza, mkuu wa wilaya mwenyewe.

Sababu zilikuwa za kitaalamu. Tangu enzi za mababu, ukimkuta mwindaji anarudi na sungura ukamwambia "Shiralga!", lazima akumegee; akikunyima, mkosi humganda mpaka theluji iyeyuke. Lakini watu walikuwa wakikutana holela, bila uratibu. Ndipo Kalmurza akajitolea kukutana na kila mwindaji, kila siku, kwa niaba ya umma.

Toktosh alishuka mlimani, tai wake wa kuwindia mkononi, sungura kiunoni.

"Shiralga!" Kalmurza alichungulia dirishani. "Loo, tumekutana!"

"Mzee, hata jana tulikutana."

"Una bahati wewe!"

"Mke wangu kajifungua. Anasubiri supu."

"Hongera! Basi niachie mapaja na mgongo. Kichwa mpelekee mzazi, kina akili."

Haukupita muda, wawindaji wote wakajifungia ndani na karata zao. Idara ikatoa taarifa kwamba malalamiko yamekwisha kabisa. Ilibaki changamoto ndogo tu: mkuu wa mkoa alikuwa njiani, anakuja kula sungura.

Kalmurza akabeba bunduki, akapanda mlima mwenyewe. Toktosh alimwona akipita. Hakucheka. Alivaa koti, akawagongea majirani, wakaenda kusimama darajani.

Alasiri Kalmurza akarudi, pua nyekundu, sungura mkononi.

"Shiralga, mwanangu!" Bibi Burul alimkingia njia.

"Bibi, huyu ni wa serikali!"

"Na mkosi nao ni wa serikali?"

Kalmurza akachomoa kisu.

"Shiralga!" jirani akadaka mgongo. "Shiralga!" mwingine akaondoka na maini.

"Shiralga, Mheshimiwa," alisema Toktosh, akafutika mapaja yote mawili ndani ya koti. "Mzazi anakusalimu sana."

Hapo gari la mkuu wa mkoa likasimama. Kioo kikashuka.

"Kalmurza! Kumbe unatoka mawindoni? Shiralga!"

Kalmurza akatazama kiganja chake. Yalikuwa yamebaki masikio. Akayatoa kwa mikono miwili, kama itifaki inavyotaka.

Mkuu wa mkoa akayageuzageuza. "Na sungura mwenyewe yuko wapi?"

"Ametumikia umma, Mheshimiwa. Wote. Kwa usawa."

Darajani wakapiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza hotuba yake kueleweka.